Koti la Sufu na Magoti ya Don Hernando

Adalberto alitoka chumbani saa tano asubuhi amevaa suti nyeusi ya sufu, vipande vitatu, tai imemkaba mpaka shingo imefura, na mimi nilikuwa jikoni nakoroga supu ya mbaazi. Nikauacha mwiko. Nje jua lilikuwa linayeyusha lami. Ulikuwa mwezi wa tisa, na hapa Barranquilla mwezi wa tisa hatuna upepo. Umetukimbia, utarudi Desemba. Ukisimama barazani bila kufanya lolote jasho linakutoka kama mtu aliyebeba magunia. Na mume wangu, mtu mzima, mkaguzi mstaafu wa mizigo bandarini, mwenye presha, kajifunga sufu iliyoshonwa kwa ajili ya watu wanaolala na mablanketi matatu.

"Baba Marelvis," nikamwuliza, "unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Napokea mgeni."

"Utampokea, au utamzimikia miguuni?"

"Koroga mbaazi zako, Nereida."

Nilichoka kabla mgeni hajafika.

Mgeni mwenyewe alikuwa don Hernando Umaña, baba yake Gonzalo. Gonzalo ndiye kijana aliyetaka kumwoa binti yetu Marelvis. Walikutana kazini, wote mainjinia wa maji, na kwa mwaka mzima walikuwa wakishinda pamoja kwenye mitaro wakipima namna barabara zetu zinavyogeuka mito mvua ikinyesha. Kijana hana neno. Tatizo ni kwamba ametoka Bogotá, na watu wa Bogotá ni watu wa bara: wana milima, wana baridi, wana suti nyeusi, na wana ile tabia ya kusema nawe kwa upole mpaka unajiuliza umekosa nini. Sisi ni watu wa pwani. Wao wanasema sisi ni wavivu wa kupiga kelele. Sisi tunasema wao hata kucheka wanaomba ruhusa kwanza.

Don Hernando alikuwa anakuja kuposa. Mkewe alikuwa amefariki, kwa hiyo angekuja yeye na mwanawe tu, ale nasi mchana, aseme lililomleta, kisha apande ndege ya jioni. Marelvis alikuwa ameshatuambia kwamba bila baba yake kutamka ndiyo kwa mdomo wake mwenyewe haolewi, si na Gonzalo wala na mwingine. Yuko hivyo tangu mdogo, akisema amesema. Na Adalberto naye alikuwa na lake: mzee huyo akituonyesha hata kwa unyusi kwamba anatuona watu wa chini, atakunywa supu yake, atashukuriwa, na atarudi kwao na posa yake mkononi.

"Sitampeleka binti yangu kwa watu watakaomdharau mama yake," alisema.

Nikamwambia mama yake hajaomba kutetewa. Hakunisikia.

Chanzo cha yote hayo ni sahani moja. Adalberto akiwa kijana, bandari ilimpeleka Bogotá kwenye mafunzo, na jioni ya kwanza wakaandaliwa chakula hotelini. Akavaa nguo yake bora kuliko zote, ile ambayo mwanaume wa kwetu huvaa akioa, akibatiza na akizika: guayabera, shati jeupe la kitani lenye mifuko minne na mikunjo midogo kifuani, linaloachwa nje ya suruali. Mama yake alikuwa amelitia wanga wa muhogo na kulipiga pasi mpaka likasimama lenyewe. Akaingia ukumbini anatetemeka kwa baridi, na bwana mmoja mwenye suti, bila kumtazama usoni, akamkabidhi sahani chafu. Alidhani ni mhudumu. Hakuna hata mmoja aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma. Waliona ni jambo la kawaida. Adalberto akaipeleka sahani jikoni, akatokea mlango wa nyuma, akalala na njaa. Tangu siku hiyo guayabera anavaa kila Jumapili na kila harusi, lakini mbele ya mtu wa bara havai.

Basi akaenda akanunua ile suti kwa mtu aliyerudi kutoka bara, mtu aliyemzidi mabega, na kila aliyekuja nyumbani alifunuliwa koti aone bitana yake ya buluu inayong'aa. Nilimwambia rangi ile siiamini. Akasema mimi najua nywele, nguo nimwachie yeye.

Sisemi kwamba mimi sipendi kupendeza. Nina saluni kwenye chumba cha mbele, ndicho chumba pekee chenye kiyoyozi, na katika mtaa huu hakuna jirani aliyewahi kuniona na nywele za usingizi. Asiye na mali asitoke nje hajanyooka. Tajiri akichakaa wanasema mtu wa watu yule, hana makuu. Maskini akichakaa wanasema maskini. Kwa hiyo siku hiyo nilikuwa nimevaa gauni la kubana, soksi za nailoni mpaka kiunoni, juu yake mkaja wa kuzuia tumbo, na viatu vya kisigino, na nywele nilikuwa nimezipiga draya na pasi tangu alfajiri. Lakini mimi ni mtu wa kazi hiyo, nimezoea. Ya Adalberto ilikuwa wazimu.

Marelvis akaingia jikoni amevaa gauni la pamba jeupe lisilo na hata kifungo, viatu bapa, na nywele zake za asili, zile nilizopambana nazo utoto wake wote, zimeachwa zijisokote zinavyotaka. Alikuwa amependeza. Hilo nalo lilinikera, kwa sababu hakuwa ametoa hata tone la jasho kulipata.

"Mama, Baba anaungua mle ndani."

"Mwambie wewe. Mimi nimeshasema."

"Na wewe mbona unahema kama umepanda ngazi?"

"Nahema kwa furaha. Katakata ndizi."

Adalberto akatoka barazani kungoja. Ng'ambo ya barabara anakaa Carmenza, ambaye kazi yake ni kukalia kiti cha kubembea na kujua mambo ya watu. Kwetu mwanaume akionekana na suti nyeusi mchana, maana yake ni moja tu.

"Nereida," Carmenza akapaza sauti, "poleni sana. Nani kafa?"

"Hajafa mtu," nikamjibu kutoka dirishani. "Bado."

Saa sita kamili, maana watu wa bara ni watu wa saa, teksi ikasimama mlangoni. Gonzalo akashuka wa kwanza, suruali safi, shati jeupe, uso wa mtu anayetaka ardhi impasukie. Kisha ikatoka miguu ya baba yake. Nasema miguu kwa sababu ndiyo iliyoonekana kwanza na kwa muda mrefu: miguu miwili mirefu, myeupe kama muhogo uliomenywa, imetumbukizwa kwenye soksi nyeupe, na soksi zimetumbukizwa kwenye sandali. Juu yake kaptula ya mananasi. Juu ya kaptula shati la minazi. Juu ya vyote kofia ya ukindu, na kikaratasi cha bei kikining'inia nyuma ya sikio.

"Bwana," Carmenza akamwita kwa huruma ya kweli kabisa, "ufukwe ni upande ule. Nusu saa kwa gari."

Don Hernando akamvulia kofia na kumshukuru.

Nilimtazama Adalberto. Uso wake uliokuwa unang'aa kwa jasho ukakauka ghafla. Akanisogelea akaninong'oneza sikioni, "Kaja kuomba binti yangu magoti yako nje. Nyumba yangu ameiona ufukwe."

"Msalimie kwanza."

Akampa ncha za vidole. Don Hernando alimtazama toka viatu vilivyopigwa dawa mpaka tai, kisha akajitazama mwenyewe, na masikio yake yakawa mekundu. "Don Adalberto," akasema, "naona mmevaa." Sauti ilikuwa nzuri, ya mwanasheria, na kutoka kwenye shati lile la minazi ilisikika kama redio iliyosahauliwa sokoni.

Gonzalo akanivuta pembeni. "Mama, nisamehe. Amenitokea hivi uwanja wa ndege. Nikamwambia tupitie dukani, akasema tutachelewa, na kuchelewa ni dharau."

"Na hana nguo nyingine?"

"Ana begi la mkono tu. Lina dawa zake na chupa ya zawadi."

Wanasema penye wazee haliharibiki neno. Aliyesema hivyo hakuwa na wazee kama wangu.

Tukakaa mezani. Supu yetu ya mbaazi ni nzito, ina nyama ya chumvi, muhogo na ndizi mbivu, na haiandaliwi vuguvugu. Inaletwa ikichemka, mwezi wowote, jua lolote. Feni ilikuwa inatuhurumia kidogo kutoka darini. Nikapakua. Don Hernando akasema ina harufu ya nyumba yenye watu, jambo lililonigusa, na akainua kijiko. Hapo hapo umeme ukakatika. Feni ikazunguka mara chache kwa mazoea, kisha ikasimama, na tukabaki watano mezani tukisikiliza supu.

Sikumbuki kuona joto kama lile. Nilisikia nywele zangu zikianza kuamka moja moja, kazi ya alfajiri yote, zinapanda juu kama unga uliotiwa hamira. Nailoni ilinikamata mapaja. Marelvis alijipepea na mkeka wa sahani, mzima kabisa. Don Hernando alitoa jasho, lakini alikuwa na pa kulitolea. Adalberto hakuwa na pa kulitolea. Jasho lilimwingia machoni, akawa anapepesa tu, amenyooka kama yuko gwaride.

"Vua koti, baba Marelvis," nikamwambia. "Tuko nyumbani."

"Niko sawa."

"Don Adalberto, tafadhali, kwa ajili yangu usi…" akaanza mgeni.

"Nimesema niko sawa."

Don Hernando akaweka kijiko chini, akajifuta mdomo, akasimama kama desturi inavyotaka. Alipoanza "Ndugu zangu, nimekuja nyumbani kwenu," Adalberto akainua mkono.

"Kabla hujafika mbali, don Hernando, nikuulize kitu kimoja. Huko kwenu, mtu akienda kuposa, huenda hivyo?"

"Don Adalberto," Gonzalo akadakia.

"Wewe sijakuuliza, kijana."

Mzee akabaki amesimama. Magoti yake yalikuwa sawasawa na meza, nasi sote tulijitahidi kutoyatazama. "Huko kwetu," akasema, "mke wangu ndiye aliyekuwa akiniwekea nguo kitandani. Miaka yote ya ndoa sijawahi kuchagua hata soksi. Alipofariki nikabaki na suti zangu nyeusi, nazivaa kwa zamu. Nilitaka kuja na moja. Halafu nikafikiri, nitaingiaje kwa watu wa pwani, watu wakarimu, nimevaa nguo niliyozoea kusomea watu hukumu na mirathi? Wataona nimekuja kuwapima. Nikaenda dukani, nikamwambia yule kijana, naenda Barranquilla kwa watu ninaowaheshimu, nivalishe kama wao." Akajigusa shati. "Akanihakikishia kila mtu huku anavaa hivi."

"Mimi umeniona nimevaa hivyo?"

"Hapana, bwana. Nimekuona, na tangu nimeingia natamani kurudi ndani ya teksi."

Mtu mwingine angecheka, yakaisha. Kwa Adalberto neno likishaingia halitoki. Akasema taratibu, na akisema taratibu mimi huogopa, "Hapa kwetu nyumba si ufukwe, don Hernando. Mtu wa kwenu akija pwani huvua adabu pamoja na viatu. Tule kwa amani. Mkimaliza, Gonzalo atakuitia teksi."

Marelvis akaweka kijiko chini. Hakulia, hakubisha. Alimtazama baba yake tu, kisha akamtazama Gonzalo namna mtu anavyotazama nyumba anayohama, na mimi nikajua kwamba atatii. Atatii kwa sababu ya lile neno alilolisema mwenyewe, atakaa nasi mpaka azeeke, na kila siku ya Mungu nitamwona mezani pangu na sura ile.

Hapo ndipo nilipoona tone. Lilidondoka kutoka kwenye kifundo cha mkono wa Adalberto, likatua juu ya kitambaa changu cha meza cheupe. Lilikuwa la buluu. Likaja la pili. Nikamshika mkono, nikapenyeza kidole ndani ya mkono wa koti, nikakitoa kimelowa buluu kama nimechovya wino. Ile bitana. Alikuwa amekaa saa nzima anajua shati la ndani limeharibika, ndiyo maana hakuvua koti, na kwa siri hiyo alikuwa tayari kufa mezani na kumwua mwanangu pamoja naye.

Nikasimama. Kisigino kimoja kikateleza, nikavitupa viatu vyote viwili chini ya meza.

"Adalberto, chumbani. Wewe pia, don Hernando, nyuma yake."

"Mimi, donya Nereida?"

"Kuna don Hernando mwingine hapa? Twende."

Mgeni nikamwacha kwenye ujia, mume wangu nikamwingiza chumbani na kusukuma mlango.

"Vua."

"Nereida, mgeni yuko hapo nje."

"Mgeni yuko nusu uchi na wewe uko nusu buluu. Vua."

Akavua. Shati lilikuwa limechafuka kama nguo ya mpaka rangi, na makwapa yenyewe yalikuwa buluu mpaka kwenye mbavu. Nilitaka kucheka, nilitaka kumpiga, sikujua kipi kianze. Nikachovya taulo kwenye beseni nikamsugua kama mtoto, naye akasimama ameinua mikono. Kisha nikafungua kabati. Guayabera zake zilikuwa zinaning'inia pale, mbili, nilizozipiga pasi Jumamosi kama kila Jumamosi, mikunjo imekaa, kola imesimama, kitani chenyewe baridi ukikigusa. Nguo ya kujisitiri, ya heshima, ya hali ya hewa hii hii, iliyobuniwa na watu wenye akili waliochoka kuzimia. Ilikuwa kabatini muda wote.

"Hiyo sivai," akasema.

"Adalberto, nisikilize."

"Siwezi kukaa mbele ya mtu wa bara na nguo ya kubebea sahani."

"Ni mambo ya zamani hayo. Hata hoteli yenyewe ilishabomolewa."

"Walinipa sahani, Nereida." Akakikunjua kiganja. "Ina mfupa juu yake. Mama alikesha analipiga pasi lile shati, na yule mtu akaniwekea mfupa mkononi, hata usoni hakunitazama."

Nimeisikia hadithi ile mara nyingi mpaka inanichosha, lakini siku hiyo, nikimtazama mzee wangu na mbavu zake za buluu, nilimwonea huruma mpaka hasira ikazidi, maana sikuwa na pa kuipeleka huruma hiyo. Nikachukua guayabera ya pili na suruali yake ya kitani, nikafungua mlango. Don Hernando alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka hapo, kofia mkononi, anatazama sakafu.

"Vaa hizi. Bafu ni hilo."

"Donya Nereida, mimi siwezi kuvaa nguo za…"

"Unaweza. Na hizo soksi zivue. Mimi ni mama wa bibi harusi na nimechoka."

Akaenda. Wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini magoti ilisitiri. Alipotoka suruali ilikuwa imeishia juu ya vifundo na shati lilimpwaya tumboni, ila alikuwa ameshika kola kwa vidole viwili kama anaogopa kuiamsha, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye teksi alionekana mtu mwenye jina. Adalberto alichungulia kutoka chumbani. Akamtazama mtu wa bara ndani ya guayabera yake.

"Imekukaa," akasema mwishowe, kama mtu anayetoa mali yake.

"Ni nyepesi," don Hernando akajibu. "Sikujua kuna nguo ya heshima inayomwacha mtu apumue."

"Haya," nikamwambia mume wangu aliyebaki chumbani. "Mgeni kavaa nguo yako. Wewe mwenye nyumba utatoka na fulana?"

Akafunga mlango. Nilisikia hanga ikigonga kabati, nikajua amevaa. Basi mimi nikaenda jikoni, nikajificha nyuma ya jokofu lililokufa, nikavua mkaja, nikavua nailoni, nikavifungia vyote kwenye droo ya vifuniko vya sufuria. Nywele nikazifunga kitambaa. Tumbo lilirudi mahali pake, na nikaweza kuvuta pumzi hadi mwisho. Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kuniamuru mimi niende chumbani nivue.

Tukala samaki wa kukaanga na wali wa nazi, mlango wa mbele umefunguliwa na wa nyuma umefunguliwa, tukiomba upepo. Mabwana wawili wenye mashati ya namna moja walikaa wakitazamana, na Carmenza kutoka kwake aliuliza kama tumefungua hoteli. Nikamwomba Mungu amfunge mdomo, maana neno lile kwa Adalberto lilikuwa chumvi kwenye kidonda. Nilimwona akikaza taya. Don Hernando akaposa, safari hii akiwa amefunika magoti, kwa maneno machache mazuri. Alisema mwanawe tangu amjue Marelvis amejifunza kucheka bila kuomba ruhusa. Adalberto akasikiliza yote.

"Tule kwanza," akajibu.

Tukala. Marelvis alikuwa anasogeza punje za wali kutoka upande mmoja wa sahani kwenda mwingine. Nilijua namna ile ya kunyamaza ya mume wangu. Ndivyo anavyonyamaza kabla ya kusema hapana kwa heshima.

Ndipo don Hernando akasimama. Akachukua sahani yake, akaiweka juu ya ile ya Gonzalo. Akazunguka meza, akachukua ya Marelvis, akachukua yangu. Akafika kwa Adalberto, akainama kidogo, akamtazama usoni, moja kwa moja, na kumwuliza, "Umemaliza, bwana?" Na akainyanyua sahani yake pia, na mifupa yake ya samaki, akaiweka juu ya zote. Akasimama pale na guayabera nyeupe na rundo la sahani chafu mikononi.

Adalberto alikuwa bado ameshika uma.

"Weka chini," akasema.

Mzee hakusogea.

"Don Hernando, weka chini hizo sahani." Akaweka uma mezani. "Katika nyumba yangu mkwe habebi sahani."

Marelvis alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Gonzalo, injinia wa watu, hakuelewa mpaka Marelvis alipompiga ngumi ya bega na kumwambia, "Amekubali, we bwege, hujasikia kamwita baba yako mkwe?"

"Nashukuru, don Adalberto," mzee akasema. "Lakini hizi nimeshazishika."

Akazileta jikoni. Mimi nilikuwa nimetangulia kwenye sinki najifanya natafuta kitu, maana machozi yalinitoka na sikutaka yaonekane. Akaziweka sahani taratibu, akasogea karibu.

"Donya Nereida," akasema kwa sauti ya chini, "ule mlango wenu wa chumbani hauzuii sauti."

"Najua hauzuii. Namwambia Adalberto autengeneze tangu Marelvis ananyonya."

"Ningependa kumwambia kwamba…"

"Usimwambie kitu. Umeshamwambia."

Nikamkunjia mikono ya shati mpaka kwenye viwiko, mkunjo kwa mkunjo, maana shati lile nilikuwa nimelipiga pasi mwenyewe. Kisha nikampa sabuni. Akaanza na ile yenye mifupa.